Mlango Ufunguliwe

Hospitali, Wodi ya Dharura
3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini masikio yako yanaendelea vizuri, au tuseme hayaendelei kuwa mabaya zaidi. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu, maana zamu zimeongezeka na viatu ni vile vile.

Leo nimekuja na kazi. Usikunje uso kabla hujamaliza kusoma.

Mwezi ujao wageni kutoka wizarani watakuja kuangalia kama hospitali yetu iko tayari kwa maafa: moto, ajali kubwa, jengo kuanguka, chochote kile kinacholeta watu wengi kwa mkupuo. Mkurugenzi alipopata taarifa hiyo akagundua kuwa hatuna hata ukurasa mmoja wa mpango. Akaitisha kikao, akauliza nani atauandika. Kila mtu akainama kutafuta kalamu iliyoanguka. Mimi sikuwahi kuinama. Basi kazi ikawa yangu.

Nimeandika ninavyojua. Jambo kubwa ni mlango wa nyuma. Mlango wa mbele una ngazi, na machela haipandi ngazi bila mgonjwa kutaka kuteleza. Mlango wa nyuma ndio wenye mteremko, na gari linaweza kufika hadi kizingitini. Lakini mlango huo umefungwa kwa mnyororo na kufuli, kwa sababu shuka na magodoro yetu yalikuwa yakiondoka bila kuaga. Ufunguo anao mtunza ghala, mzee mmoja tunayemwita Bwana Kufuli. Alasiri ikifika tu anakwenda kwake, ufunguo ukiwa mfukoni. Ndiyo maana nimeandika hivi: "Mtunza ghala amkabidhi muuguzi wa zamu ufunguo wa mlango wa nyuma kabla ya kuondoka. Muuguzi wa zamu afungue mlango mara asikiapo kengele."

Mkurugenzi anasema Kiswahili changu ni cha wodini. Tafadhali utie mkono wako. Najua wanafunzi wako hawakukuita Kalamu Nyekundu bure, na mimi mwenyewe nililia juu ya hiyo kalamu kabla sijajua kufunga vifungo. Safari hii nakubali kwa hiari yangu.

Binti yako


Nyumbani
11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Masikio ni yale yale. Yanasikia yasiyofaa tu. Ndiyo maana nasisitiza barua. Simu ni chombo cha mtu asiyetaka kushikwa kwa maneno yake.

Nimeusoma mpango wako. Moyo umo, lugha haimo. Umeandika "hospitali imejiandaa". Jengo halijiandai. Umeandika "tukisikia kengele tukimbie". Ni nani hao "tu"? Waraka rasmi hauna "sisi", mwanangu, na wala hauna mtunza ghala. Watu hustaafu, huhama, hufa. Waraka hubaki. Unapomtaja mtu ndani ya waraka unaufanya uwe soga la kibarazani: fulani afanye hiki, fulani afanye kile. Nimewaondoa wote. Kauli ya kutendwa ndiyo heshima ya maandishi. Sasa sentensi zako zinasomeka hivi: "Kengele ipigwe. Ufunguo wa mlango wa nyuma uachwe mahali panapofaa. Mlango ufunguliwe."

Zisome kwa sauti usikie utulivu wake. Hakuna anayeamrisha wala anayeamrishwa. Jambo lenyewe linasimama.

Usihofu kuwa halitaeleweka. Hapa nyumbani, tangu ukiwa mdogo, ufunguo huachwa chini ya ndoo ya bombani, na hakuna aliyewahi kuuliza huachwa na nani. Utaratibu mzuri hujitegemea.

Pia acha kuandika "wengineo" mahali pa "wengine". Inaumiza macho.

Baba yako


Hospitali
14 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpango wako umekuwa bibi harusi. Mkurugenzi aliusoma mbele ya wageni kwa sauti ya taratibu, na alipofika "mlango ufunguliwe" akainua macho, kama vile ameona mlango ukifunguka wenyewe. Mgeni mmoja akasema hajawahi kukutana na Kiswahili safi namna hii katika hospitali. Sasa umewekwa kwenye fremu yenye kioo, ukutani, pale wodini.

Baada ya hapo tukafanya zoezi la maafa. Laiti ungeona. Wanafunzi wa uuguzi walipakwa wino mwekundu, wakalazwa uani waugulie. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi tangu asubuhi na mnyororo umefichwa chini ya kabati. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi, tukawa tunatembea kwa ubavu tusichafuke. Mwanafunzi mmoja alipewa kazi ya kuwa maiti. Machela ilipogonga ukuta akafumbua macho akasema, "Polepole, jamani. Nimekufa, lakini naumia." Wageni wakapiga makofi. Wakanywa chai, wakaandika kuwa tuko tayari.

Kabla hata vikombe havijaoshwa, mnyororo ukarudi mlangoni.

Nikamfuata Bwana Kufuli kabla hajaondoka.

"Mzee, leo utaniachia ufunguo?"

"Kwani mpango unasemaje?"

"Uachwe mahali panapofaa."

"Basi umeachwa." Akapigapiga mfuko wa suruali yake. "Hapa panafaa sana, mwanangu. Hapajawahi kutoboka."

Nilicheka, Baba, sikuweza kujizuia. Nilipofika wodini kicheko kikaisha. Nilimwomba Mkurugenzi turudishe maneno yangu ya mwanzo, "mtunza ghala amkabidhi muuguzi". Akasema waraka umeshasifiwa na umeshatiwa kioo. Mwenye kuweza kuugusa ni aliyeusanifu.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Sentensi moja tu. Iandike kwa mkono wako nami nitampelekea.

Binti yako


Nyumbani
22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mkurugenzi wako ameniandikia barua ya shukrani. Ina kosa moja tu la kituo, nami nimemsamehe. Nimeiweka chini ya kioo cha meza.

Kuhusu ombi lako, jibu ni hapana. Mtu anayecheza na maneno atacheza na maneno yoyote utakayompa. Ukimtaja kwa cheo chake, kesho atakuambia hakuwa kazini. Tatizo lako si sentensi, ni nidhamu ya watu wenu. Sitauharibu ukurasa mzima kwa ajili ya mfuko wa suruali ya mtu mmoja.

Ule mzaha wa maiti umenichekesha. Usimwambie mtu.

Baba yako


Nyumbani
30 Mei

Mwanangu,

Sijapata barua yako muda mrefu, na sasa nimesikia habari zenu redioni, nikiwa nimeibana redio sikioni. Wamesema kiwanda cha magodoro huko kwenu kimeungua na watu wengi wameumia. Mtangazaji alisema "majeruhi zilipelekwa hospitali", nikamsahihisha japokuwa hanisikii. Lakini kisha akasema jambo lililonifanya nisimame: "Majeruhi walipokewa kwa utaratibu uliokuwa umeandaliwa."

Fundi saa, jirani yangu, alikuwapo. Nikamwambia, "Unasikia? Utaratibu huo umesanifiwa hapa, juu ya meza hii." Akasema, "Basi, Mwalimu, umeponya watu bila sindano." Nimeirudia kauli yake kwa watu wawili watatu.

Nawapa pole waliofikwa na msiba. Lakini nataka kusikia kutoka kwako, mwanangu, jinsi mlango ulivyofunguliwa.

Baba yako


Hospitali
6 Juni

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Majeruhi walipokewa. Mlango ulifunguliwa.

Samahani kwa mwandiko. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa bandeji. Viliumia kidogo, vitapona.

Binti yako


Nyumbani
18 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya mwisho ingeweza kutoshea kwenye kibandiko cha dawa. Nilitaka kukukemea kwa mwandiko ule, kisha nikakumbuka bandeji. Umeumiaje vidole?

Sikuandikii kwa hilo tu. Mkurugenzi ameniletea ripoti ya kamati iliyochunguza mapokezi ya majeruhi wa moto. Anaomba niitengeneze lugha kabla haijapigwa chapa. Niliketi nayo kalamu mkononi, kama ilivyo desturi yangu.

Mwanzoni nilifurahi. Waandishi wake wamenisoma. Majeruhi waliletwa. Msaada uliombwa. Ufunguo haukupatikana kwa wakati. Juhudi zilifanywa. Maisha yalipotea. Kurasa zote hazina mtu hata mmoja, kama nyumba iliyohamwa. Nilipofika kwenye "ufunguo" nikaanza kusoma polepole.

Kisha nikafika ukurasa wa mwisho, na hapo pana sentensi hii: "Muuguzi wa zamu hakufungua mlango."

Ripoti nzima ina mtenda mmoja, naye ni huyo.

Kwa kanuni zangu nilipaswa kuibadilisha mara moja iwe "Mlango haukufunguliwa", ifanane na wenzake. Nimeweka kalamu juu ya neno la kwanza na sijaweza kuandika. Wewe uliniandikia kuwa mlango ulifunguliwa.

Siku ile muuguzi wa zamu alikuwa nani?

Baba yako


Hospitali
25 Juni

Baba,

Nilikuwa mimi.

Umeniuliza vidole viliumiaje, na ulitaka kusikia jinsi mlango ulivyofunguliwa. Ni habari moja, kwa hiyo nitakujibu mara moja.

Ilikuwa alasiri. Bwana Kufuli alikuwa ameshaondoka. Tuliona moshi kwanza, juu ya mapaa, mweusi na mzito; daktari kijana akasema ni takataka zinachomwa. Halafu watu wakaanza kufika. Si kwa gari la wagonjwa. Walikuja kwenye malori ya kiwanda, kwenye mikokoteni, migongoni mwa wenzao.

Tukakimbilia ukutani kwenye mpango. Ndiyo, tulikuwa tumesimama mbele ya kile kioo tukisoma, watu wazima wenye vyeti. Daktari kijana akauliza, "Nani anapiga kengele?" Nikamwonyesha kwa kidole: kengele ipigwe. Akanijibu, "Nimeona ipigwe, dada. Nauliza nani." Mlinzi alidhani kengele ni ya wauguzi. Mimi nilidhani ni ya mlinzi. Mwisho nikaipiga mimi, na wenzangu wengine wakaendelea na kazi zao, wakidhani ni zoezi.

Mkurugenzi hakuwapo. Alikuwa kwenye semina kuhusu maandalizi ya maafa.

Ngazi za mbele zilijaa ndugu wa majeruhi, hata paka asingepita. Malori yakazunguka nyuma, kwenye mteremko, wakawashusha watu pale. Mnyororo. Nilimpigia Bwana Kufuli, simu imezimwa; baadaye tulijua alikuwa amelala usingizi wa alasiri. Mlinzi akatoka mbio kwenda kwake. Mimi nikajaribu kuvuta mnyororo, kama mwendawazimu, na vidole vikabanwa kati ya pingili na chuma. Hivyo ndivyo vilivyoumia.

Ule mlango ni wa nondo, Baba. Unaona upande wa pili. Aliyekuwa karibu kabisa nami alikuwa mama mmoja, mshonaji wa foronya za magodoro. Nilijua kwa sababu alinieleza mwenyewe, kwa utulivu kama mtu aliye kwenye foleni. Nguo zilikuwa zimemgandia mwilini. Akaniuliza, "Dada, mnafungua?"

Nikamwambia, "Mlango unafunguliwa, mama."

Akasema, "Haya."

Akakaa kidogo. "Dada, bado?"

"Unafunguliwa, mama. Unafunguliwa sasa hivi."

Hakuniuliza unafunguliwa na nani. Wewe ungeuliza kitu kuhusu wakati wa kitenzi. Yeye aliniamini. Alikuwa ameshika nondo kwa mkono wake uliokuwa mzima, nami nikaushika huo mkono kwa juu, na kila alipouliza nilimpa sentensi ile ile safi. Haikuwa na mtu ndani yake. Nilijua hakuna anayefungua, na lugha yako ilinipa njia ya kulisema hilo bila kulisema.

Kisha mnyororo ukakatwa. Hapana, ona nilivyozoea. Mpishi wa hospitali alikata mnyororo, kwa shoka la kuni, bila kusoma mpango wowote. Yule mama alikuwa ameshaacha kuuliza. Ilibidi mpishi huyo huyo amwachishe nondo, kidole kimoja kimoja.

Kamati ilipokaa ilitafuta wa kulaumiwa. Ikaangalia kwenye waraka. Mtunza ghala hayumo. Mlinzi hayumo. Mkurugenzi aliyeagiza mnyororo hayumo. Ikabaki na yule aliyekuwa amesimama karibu na mlango. Wewe ulinifuta kwenye mpango. Wao wamenirudisha kwenye ripoti.

Nilikuandikia kuwa mlango ulifunguliwa kwa sababu ulikuwa umeshamwambia fundi saa.

Sasa sahihisha unavyoona. Ukiandika "mlango haukufunguliwa", nitabaki na kazi yangu, na mume wa yule mama hatajua nani wa kumuuliza. Ukiacha ilivyo, watanifukuza, na atajua uongo. Wewe ndiye mwalimu.

Binti yako


Nyumbani
2 Julai

Mwanangu,

Barua yako imesomwa. Imesomwa zaidi ya mara moja. Ni habari ya kusikitisha sana.

Makosa yamefanyika, na hapana budi ikubaliwe kwamba waraka ungeweza kuandikwa kwa namna nyingine. Suala la sentensi ile linafikiriwa.

Pole kwa vidole.

Baba yako


Hospitali
8 Julai

Baba,

Imesomwa na nani?

Makosa yamefanywa na nani? Ikubaliwe na nani? Ungeweza kuandikwa na nani? Linafikiriwa na nani?

Nakurudishia barua yako. Nimeisahihisha. Utaona rangi ya kalamu.

Binti yako


Nyumbani
15 Julai

Kwa Mkurugenzi wa Hospitali
Nakala: kwa binti yangu, muuguzi

Ndugu Mkurugenzi,

Narudisha ripoti uliyoniomba niisahihishe. Nimekuta ndani yake kosa moja linalojirudia katika kila ukurasa: vitenzi vyake havina wenyewe. Kosa hilo nalijua vizuri, maana mliliiga kwangu. Nimejitahidi kulirekebisha, na pale ambapo sikumjua mtenda nimeacha nafasi umjaze wewe unayemjua.

Mliandika kuwa mnyororo uliwekwa mlangoni kwa sababu za usalama. Nimeandika kuwa Mkurugenzi aliagiza mnyororo kwa ajili ya shuka. Mliandika kuwa ufunguo haukupatikana kwa wakati. Ufunguo haukupotea hata dakika moja: mtunza ghala alikwenda nao nyumbani kama alivyofanya kila siku, na Mkurugenzi alijua, kwa kuwa muuguzi alimwambia.

Mliandika kuwa mpango haukumtaja mhusika. Hapa nimehitaji sentensi ndefu, nayo ni hii: Muuguzi alimtaja mhusika, mwalimu mmoja mstaafu akamfuta, muuguzi akaomba arudishwe, Mkurugenzi akakataa, na mwalimu akakataa. Mwalimu huyo ni mimi. Nataka cheo changu kionekane katika chapa.

Mliandika "maisha yalipotea". Maisha si mwavuli. Watu walikufa. Mshonaji mmoja wa foronya alikufa akiwa ameshika nondo za mlango wenu. Mumewe yupo na anaweza kusoma.

Sentensi isemayo "Muuguzi wa zamu hakufungua mlango" sikuigusa mwanzoni, kwa sababu sarufi yake haina dosari. Ndiyo pekee katika ripoti yenu iliyo hai. Lakini haijakamilika. Nimeongeza mwishoni mwake: "kwa sababu hakuwa na ufunguo aliouomba."

Naomba ripoti ipigwe chapa hivyo. Nimejisahihisha: naomba wewe uipige chapa hivyo.

Mimi, mwalimu mstaafu


Ofisi ya Mkurugenzi
29 Julai

Mwalimu mheshimiwa,

Masahihisho yako yamepokelewa na yamethaminiwa. Inasikitishwa kukuarifu kwamba ripoti ilikuwa imeshapelekwa kupigwa chapa kabla bahasha yako haijafunguliwa, hivyo mapendekezo yaliyotolewa yatazingatiwa wakati mwingine. Sentensi inayomhusu muuguzi wa zamu imeachwa kama ilivyokuwa, kwa kuwa hata wewe umeona kuwa haina dosari.

Hatua zinazostahili zimechukuliwa.

Aidha, mpango mpya wa dharura umeandaliwa na unaambatishwa hapa. Itafurahiwa endapo lugha yake itapitiwa na wewe, kama ilivyofanyika awali.

Mkurugenzi


Hospitali
10 Agosti

Baba,

Shikamoo.

Mkurugenzi amenifukuza kazi. Nimeiandika hivyo makusudi. Barua yake inasema "huduma zako zimesitishwa".

Bwana Kufuli amepewa kufuli jipya. Alinionyesha, lina funguo mbili. Nikamuuliza ufunguo wa pili uko wapi. Akapigapiga mfuko wa upande wa pili. Wala hakuwa anacheka, Baba. Nadhani hata yeye angependa mtu amwambie ampe nani.

Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu, mume wa yule mshonaji alikuja. Ameshazunguka ofisi zote. Kila ofisi imemwambia mlango haukufunguliwa. Alinikuta mimi koridoni na sanduku langu akaniuliza, kwa adabu, "Dada, samahani, nani hakufungua?"

Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia na yaliyobaki yote: mnyororo, mfuko wa suruali, na maneno niliyokuwa nikimpa mkewe. Kisha nikampa nakala ya barua yako kwa Mkurugenzi. Alisoma kwa muda mrefu, akiwa amesimama. Akauliza, "Huyu mwalimu ni nani?" Nikamwambia ni baba yangu.

Akaikunja vizuri, akanirudishia. Akasema, "Anaandika vizuri."

Akaenda zake kupitia ngazi za mbele.

Ndiyo, ulisahihisha kila kitu, na hakuna kosa hata moja. Ila ulichelewa, na mimi nilichelewa kukueleza. Sina zaidi.

Nitakuja nyumbani Alhamisi ya juma la mwisho la mwezi huu, mchana, kwa kuwa sina pengine pa kwenda. Nakuomba kitu kimoja. Usiniandikie kuwa ufunguo utaachwa chini ya ndoo. Uliniambia huko nyuma kuwa hakuna aliyewahi kuuliza huachwa na nani. Ulikuwa ukiachwa na mama, Baba. Kila siku ya maisha yake, kabla ya kutoka, mama aliinama akauweka. Tangu afariki haujawekwa hata mara moja. Mara ya mwisho nilipokuja niliinua ile ndoo, chini yake patupu, nikakaa barazani mpaka uliporudi. Sikukuambia. Nilifikiri utaratibu umesahau.

Binti yako


Nyumbani
17 Agosti

Mwanangu,

Marahaba.

Mpango mpya nimemrudishia Mkurugenzi. Sikuusahihisha. Mbele ya kila kitenzi nimeandika "nani?" kwa wino mwekundu. Barua yake ya shukrani nimeitoa chini ya kioo cha meza, na fundi saa nimemweleza ukweli. Sasa ananisalimu kwa mbali.

Kwa yule bwana sijapata sentensi. Nimejaribu nyingi, na zote zimetoka nzuri, ndiyo maana nimezichana.

Alhamisi hiyo sitatoka. Masikio yangu hayatasikia hodi yako, kwa hiyo nitaweka kiti kizingitini tangu asubuhi, nikitazama njia.

Mlango nitaufungua mimi.

Baba yako